Mfupa Katika Koo la Bosko

Mwezi uliopita nilimpeleka mbwa wetu kwa daktari wa mifugo mjini Embu. Alikuwa amekataa chakula, macho yalikuwa yamejaa tongo, na kifua kilikoroma kama cha mtu mwenye mafua mabaya. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alimpima joto, akamkagua pua, akaniambia kwamba huenda ni ile homa inayowashambulia mbwa wasiokamilishiwa chanjo, ambayo huanzia kwenye macho na pua, hushuka kifuani, na isipotibiwa mapema huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Kabla ya kuamua, alitaka kuona ufizi. Akaninyooshea glavu. "Mama, nisaidie kumfungua mdomo," akasema. "Wewe amekuzoea." Nilivaa glavu, nikainua mkono. Mkono ulifika karibu na ule mdomo wenye unyevu, ukasimama hapo, na hapakuwa na namna ya kuuamrisha usonge mbele.

Daktari alidhani naogopa kuumwa. Akanitania kidogo, akaifanya kazi mwenyewe, na mbwa wetu akaanzishiwa dawa ambazo, namshukuru Mungu, zinamsaidia. Lakini sikuwa nikiogopa kuumwa. Mbwa aliyenifunza hofu hiyo hakuwahi kumuuma mtu yeyote.

Nilikulia upande wa Mbeere, chini ya Kiritiri, katika boma lililozungukwa na ua wa miiba, lenye mbuzi wengi kuliko watu. Bosko alikuwa mbwa wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja lililopasuka. Kazi yake ilikuwa kuwafuata mbuzi malishoni na kukibwekea kila kitu kilichosogea, hata kivuli cha kunguru. Hakuwahi kuchanjwa. Kwetu chanjo ilikuwa ya ng'ombe na ya watoto wachanga. Hakuna aliyefikiri kwamba mbwa naye angeweza kuwa na ugonjwa wenye jina. Mbwa akidhoofika, sababu zilikuwa mbili tu: ama amekula sumu, ama mfupa umemkwama kooni. Wa sumu alinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na samli, kisha akaachwa kivulini afe au apone. Wa mfupa aliletwa kwa Baba.

Baba alikuwa mkulima wa ndengu na mtama, lakini sifa yake iliyovuka korongo na kufika vijiji vya mbali ilikuwa hiyo ya kutoa mifupa. Nakumbuka hatua zake zote kama mtu anavyokumbuka ibada. Mbwa alilazwa ubavu, miguu ikashikwa na mwenyewe. Kijiti kinene cha mti mgumu kiliingizwa nyuma ya meno, kikalala kutoka upande hadi upande ili mataya yasikutane. Baba alijipaka mafuta ya mbuzi kiganjani, akafumba macho, akaingiza mkono. Alisema kwamba mkono huona vizuri zaidi macho yakifumbwa. Tulisubiri, hakuna aliyepumua kwa sauti, mpaka alipouchomoa mkono na kutuonyesha kipande cha ubavu au pingili ya shingo, kikiwa bado kinateleza. Watoto wa jirani walikipigania. Mimi sikupigania kitu, kwa kuwa nilikuwa na cheo kikubwa zaidi: mimi ndiye niliyekuwa mshika kijiti. Mikono yangu ilikuwa midogo, haikumzibia nafasi, na Baba alisema kwamba haikutetemeka.

Wakati ninaoukumbuka ulianza kwa sherehe. Wageni walikuwa wamekuja kuzungumza kuhusu mahari ya Shangazi Muthoni, dada mdogo wa Baba, ambaye aliishi nasi na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. Mbuzi wawili walichinjwa. Baba, akiwa na haraka ya kuwaridhisha wageni, alijikata kidole gumba wakati wa kuchuna. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikaona damu yake ikichanganyika na ya mbuzi, na nikamletea kitambaa cha kujifunga. Wazee walipewa nyama yao, wanawake yao, na Bosko alirushiwa mifupa ya shingo mingi kuliko aliyowahi kuiona.

Siku ya pili baada ya wageni kuondoka, Bosko hakwenda malishoni. Tulimkuta amejilaza chini ya ghala, mahali penye vumbi baridi. Taya la chini lilikuwa limening'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Udenda ulimtoka bila kukoma, mweupe na mzito, ukishuka hadi kifuani. Nilimwita. Akainua kichwa, akanitazama kwa macho yasiyokuwa na hamu yoyote, kisha akatoa sauti ambayo sikuijua, nzito na ya kukwaruza, kama mtu anayejaribu kuita akiwa amekabwa.

"Mwacheni," alisema Shangazi. "Huyo amekula mahari yangu kabla sijaolewa. Sasa imemkaa kooni."

Tulicheka. Jambo lilikuwa wazi kabisa. Mifupa ilikuwepo, mbwa alikuwepo, mdomo haukuweza kufungika. Ni nani angetafuta maelezo mengine? Leo ninajua kwamba ugonjwa ukilegeza misuli ya taya na ya koo, mbwa huonekana hivyo hivyo, na kwamba kosa letu limefanywa na watu wengi wenye huruma na wanyama wao. Lakini siku ile sherehe yenyewe ndiyo iliyotuandalia jibu, na hatukuona haja ya kuuliza swali.

Ireri, jirani yetu, ambaye shamba lake lilipakana na letu na ambaye alimtania Baba kila walipokutana, ndiye aliyeishika miguu. Haikuhitaji nguvu. Bosko alilala kama gunia. Niliingiza kijiti nyuma ya meno yake, na vidole vyangu, vyenye mikwaruzo ya ua wa miiba kama vidole vya kila mtoto wa kwetu, vikalowa mara moja.

"Shika vizuri, Igoki," alisema Baba. "Usimtazame machoni. Tazama kijiti."

Alikuwa ameufungua mkono wake kile kitambaa ili usijae kooni. Akafumba macho. Mkono ulipita meno, ukapita ulimi, ukaingia hadi kupita kifundo. Nilisubiri lile tabasamu dogo lililomjia kila alipougusa mfupa. Halikuja. Mkono uligeuka huku, ukageuka kule. Bosko hakukoroma, hakusukuma, hakutaka hata kutapika, na hilo ndilo lililomfanya Baba akunje uso. Koo la mbwa mzima hupigana na mkono. Koo hili halikupigana.

"Kuna kitu?" aliuliza Mama, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Nyamaza kwanza."

Ireri akaguna, akamwita Baba kwa jina. "Nyaga, usije ukamtoa moyo ukidhani ni mfupa."

Mwishowe Baba alitoa mkono. Ulikuwa mtupu, uking'aa kwa ute hadi nusu ya kigasha. "Umeteremka," akasema. "Nimeusikia ukiteremka."

"Umeusikia au umetamani kuusikia?" aliuliza Mama.

Maji yalikuwa machache na mto ulikuwa mbali, kwa hiyo Baba alijipangusa kwenye majani makavu, akakifunga tena kile kidole kwa kitambaa kile kile. Mimi nilijipangusa kwenye rinda.

Bosko hakupata nafuu. Kesho yake miguu ya nyuma ilikuwa inapishana, akitembea kama mtu aliyelewa. Nilimwekea maji kwenye karai. Alikuja mwenyewe, akatumbukiza pua, ulimi ukajaribu kuyachota, lakini maji yote yalirudi yalikotoka. Alisimama pale muda mrefu, pua ikiwa majini, asiweze kunywa wala kuondoka. Nililia, nikasema mfupa umerudi juu. Haukupita muda akaanguka kando ya zizi, na asubuhi moja hakuamka. Baba alimburuta hadi korongoni, akamfunika kwa mawe na matawi ya miiba, akarudi moja kwa moja shambani. Aliyeshindwa na mfupa hapendi kuzungumziwa.

Hapo ndipo alipokuja afisa wa mifugo, kwa pikipiki, kuwachanja mbuzi dhidi ya homa ya mapafu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, aliyezoea kubishiwa. Alipomaliza kuwachanja alitazama huku na huku, akauliza mbwa wetu yuko wapi, kwa kuwa safari iliyopita Bosko alimfukuza hadi barabarani. Shangazi akamsimulia yote kwa mbwembwe, mahari, mfupa, na Baba alivyoutafuta asiuone. Nilimwona yule afisa akiacha kufunga mkoba wake.

"Taya lilianguka?"

"Lilianguka," alisema Baba.

"Na sauti ilibadilika? Na miguu ikalegea?"

"Mbwa mwenye njaa hulegea."

"Mzee, kuna mbwa mgeni aliyewahi kupita hapa na kupigana naye?"

Mama ndiye aliyekumbuka. Kabla ya mvua za mwisho, mbwa asiyejulikana alikuwa ameingia bomani mchana kweupe, akamng'ata Bosko shingoni, akaendelea na safari yake kana kwamba hakuona watu. Lile jeraha lilikuwa limepona, nasi tukalisahau.

Afisa alitaka aonyeshwe mzoga, ili kichwa kipelekwe kupimwa. Baba alimpeleka korongoni, naye akiisukuma pikipiki yake, nami nikawafuata kwa mbali. Mawe yalikuwa yamesogezwa, matawi yamevutwa kando. Wanyama wa porini walikuwa wametutangulia, na hapakubaki chochote cha kupimwa.

"Alikuuma?" aliuliza afisa.

"Hakuniuma. Bosko hakumuuma mtu."

"Na hicho kidole?"

"Hicho ni kisu. Nilijikata nikichuna."

"Kabla ya kumtia mkono mdomoni?"

Baba alitazama kidole chake kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. Afisa akazungumza polepole. Kichaa cha mbwa, alisema, hakihitaji jino. Hukaa kwenye mate, na mate yakipata mlango kwenye ngozi yanatosha. Akamsihi aende hospitali Embu, aoshwe, achomwe sindano, tena aende siku hiyo hiyo.

"Kijana," alisema Baba, "mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu na huogopa maji. Bosko aliingiza pua kwenye karai mbele ya mtoto wangu. Nimetoa mifupa tangu ukiwa shule ya msingi."

"Si wote wanaokimbia. Wengine hulala tu kama huyo wako. Na anayeogopa maji si mbwa, mzee, ni binadamu." Alipanda pikipiki yake, akakaa kidogo bila kuiwasha. "Mtu akishaingiwa na ugonjwa huu, iko siku atakayokataa maji. Siku hiyo hakuna daktari atakayemsaidia."

Hebu fikiria mtoto akisikia maneno hayo akiwa amejificha nyuma ya mgunga kando ya korongo, akining'inia kwenye kila silabi. Neno la kwanza nililishika kwa mikono miwili: iko siku atakayokataa maji. La pili liliniponyoka kabisa, labda kwa sababu lilikuwa zito kuliko nilivyoweza kubeba. Nikarudi nyumbani nikiwa na imani kamili kwamba kukataa maji ni kengele, kwamba kengele hulia mapema, na kwamba mradi Baba anakunywa, Baba ni mzima. Hakukuwa na mtu mwingine bomani aliyekuwa akisikiliza kengele hiyo. Kwa hiyo nilijiajiri mwenyewe.

Siku zilizofuata zilikuwa za kuvuna ndengu, na jua lilikuwa kali. Nilimpelekea Baba maji alipoamka, alipokaa, alipoinua mgongo shambani. Sikuyatazama maji, nililitazama koo lake. Lile tufe la kooni likipanda na kushuka, nilipumua. Likichelewa, sikuondoka. Akibakisha chai nilimwambia, "Baba, umebakisha," naye akainywa ili nimwondokee. Mto ulikuwa mbali, lakini sikuruhusu kibuyu kiwe kitupu. Niliacha kucheza. Shuleni nilikaa nikifikiria ni nani anayemtazama saa hizo.

"Nyaga, umezaa zimamoto," alicheka Ireri siku moja, aliponiona nikikimbia na kibuyu katikati ya mistari ya ndengu.

"Huyu mtoto atanizamisha," alisema Baba, lakini nilijua kwamba alifurahi. Alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa yamevaa nguo nyingine.

Mama hakucheka. Yeye alikuwa akimsihi aende hospitali kila asubuhi, na kila asubuhi walibishana maneno yale yale.

"Nikienda Embu kila wakati kuchomwa sindano za kitovuni, ndengu zitavunwa na nani?"

"Zitavunwa na mjane wako, Baba Igoki."

"Sikuumwa."

"Na ukianza kubweka?" aliingilia Shangazi, akijaribu kulainisha mambo. "Nitakufunga kwenye ule mti wa zizini, kaka, nikuletee mifupa." Hakuna aliyecheka, naye akainama akaendelea kupura ndengu. Nilimwona akijifuta macho kwa kiwiko, na nikaelewa kwamba hata yeye aliogopa.

Kidole cha Baba kilikuwa kinapona vizuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yake kubwa. Alikionyesha kwa kila aliyeuliza. Kidonda safi, ngozi mpya. Sikujua, wala yeye hakujua, kwamba ugonjwa huu huweza kukaa kimya mwilini huku mlango ulioingilia ukiwa umefungwa na kusahaulika.

Kisha ikaja siku niliyokuwa nikiingoja. Ilikuwa adhuhuri, watu wote wakiwa shambani, Ireri akitusaidia kama tulivyomsaidia yeye. Nilifika na kibuyu. Baba alikuwa ameinama. Nikamnyooshea.

"Sitaki maji," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikakisogeza kibuyu karibu na uso wake. Akakisukuma kando kwa mgongo wa mkono, bila kunitazama. "Peleka, Igoki. Sitaki maji."

Sauti iliyonitoka siwezi kuieleza. Mama alisema baadaye kwamba alidhani nimeumwa na nyoka. Kibuyu kilianguka, maji yakamezwa na ardhi, nami nikalala juu ya lile tope nikipiga kelele kwamba amekataa, amekataa, mwiteni daktari, Baba amekataa maji. Watu walikimbia kutoka kila upande. Baba alinishika mabega akanikalisha. Alikuwa amekunywa uji kwa Ireri muda mfupi uliopita, tumbo lilikuwa limejaa. Alilirudia hilo mara kadhaa kabla halijaniingia.

"Ni nani aliyekwambia habari za maji?"

"Yule wa pikipiki."

"Na siku hizi zote, hiki kibuyu…"

"Nilikuwa naangalia kama utakataa."

Nadhani hapo ndipo Baba alipouona mwezi ule mzima kwa macho yangu: mtoto akimtazama koo kila alipomeza, akingoja aanze kufa. Angeweza kukasirika. Angeweza kucheka, na Ireri alikuwa tayari ameufungua mdomo kumsaidia. Badala yake alianza kunipangusa matope mikononi kwa shati lake, kidole kimoja baada ya kingine, na katikati ya kazi hiyo akasimama. Aligeuza kiganja changu juu. Mikwaruzo ilikuwa pale, mipya juu ya ya zamani, mingine bado myekundu.

"Ulishika kijiti," alisema. Hakuwa akiniambia mimi.

Mama aliweka mkono mdomoni.

Katika ubishi wote ule, wa jino na mate na kidole na kisu, hakuna hata mmoja wetu, mkubwa wala mdogo, aliyekumbuka kwamba mikono iliyolowa siku ile haikuwa ya Baba peke yake. Nami nilikuwa nimemlinda mtu mwingine tu. Sikuwahi kujiuliza kama mimi mwenyewe bado nayataka maji.

"Mama Igoki, leta nguo zake," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tunaenda Embu."

"Sasa hivi?" aliuliza Ireri. "Na hizi ndengu zilizokatwa? Mbuzi wataingia."

"Waingie."

Hospitalini tulipokewa na daktari mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakutukemea, na hilo lilinitisha zaidi. Alituosha mikono yeye mwenyewe kwa sabuni nyingi, muda mrefu, ijapokuwa alisema kwamba uoshaji huo ulifaa ufanyike siku ile ile, palepale, kabla ya jambo lingine lolote. Kisha akamuuliza Baba maswali, naye akajibu yote kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea. Mimi nilikuwa na swali moja. Nilimuuliza kama ningemleta Baba siku ambayo angekataa maji kwelikweli, angempa dawa gani.

Alimtazama Baba kwanza, kisha akanijibu kama mtu mzima. "Mama yangu, siku hiyo nisingekuwa na dawa. Mtu akifika hapo, tunamtuliza tu asiteseke. Dawa yetu ni ya kabla."

Nilikuwa kama mtu anayelinda lango la zizi chui akiwa tayari ndani na mbuzi. Kukimbia kwangu kote mtoni hakukuwa kumemlinda mtu.

"Tumechelewa?" aliuliza Baba.

"Hakuna mwenye dalili bado. Hiyo ndiyo nafasi tuliyo nayo. Nani anaanza?"

Siku hizo sindano zilichomwa tumboni, kuzunguka kitovu. Baba alipandisha shati lake kabla sijaitwa, akahakikisha kwamba ninaona. Sindano ilipoingia aligeuza uso ukutani, kisha akanigeukia. "Ni kama siafu," alisema. "Siafu mmoja mwenye hasira." Nilipanda kitandani. Hakuwa siafu. Lakini Baba alikuwa amenishika mkono ule ule alioupangusa matope, na sikulia mpaka tulipotoka nje.

Tulikaa kwa binamu yake Mama, karibu na mji, tukirudi hospitalini kila tulipoagizwa, mpaka matumbo yetu yakawa magumu kama ngozi ya ngoma. Ndengu ziliingiliwa na mbuzi kama Ireri alivyosema. Baba hakuzitaja. Lililokuja baada ya sindano lilikuwa gumu kuliko sindano zenyewe, kwa sababu daktari alituambia waziwazi kwamba ugonjwa huu hukawia, na kwamba kungoja ni sehemu ya matibabu. Kila kichwa kilichoniuma mwaka ule, kila homa ndogo, kila ganzi ya vidole baada ya kulalia mkono, ilipita kwanza machoni mwa Baba. Niliponyanyua kikombe, aliacha alichokuwa akifanya. Alijifanya anatafuta kitu, anarekebisha mkanda, lakini nilimwona akilitazama koo langu, na alipojua kwamba nimemwona alikohoa na kutoka nje. Hatukuwahi kulizungumzia. Kila mmoja wetu alijua kazi hiyo ilivyo.

Mwaka ulipita, nasi tulikuwa hai. Kama Bosko alikuwa na kichaa, hatukujua kamwe, wala hatutajua. Kwa wengine hilo lilikuwa jibu tosha: Nyaga alichomwa sindano tumbo zima kwa sababu ya mfupa. Walimtania sokoni, walimtania kanisani baada ya ibada. Ireri aliongoza.

Ndipo jioni moja, jua likiwa bado juu ya vilima, Ireri mwenyewe alikuja langoni kwetu akimvuta mbwa wake kwa kamba ya katani. Nyuma yake walikuwa wanaume wengine wawili waliotoka shambani, waliokuja kutazama kama watu walivyokuja kutazama zamani. Mbwa aliyumba. Taya lilikuwa chini, na udenda ulichora mstari mrefu vumbini.

"Nyaga! Toka na mafuta yako," aliita Ireri. "Huyu amepata mfupa kwa mchinjaji. Nilijaribu, kidole changu hakifiki."

Baba alitoka. Alisimama upande wa ndani wa lango, hakulifungua. Alimtazama mbwa, akamtazama tena, na nilimwona akimeza mate. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na Mama, na mikono yangu nilikuwa nimeificha ndani ya kanga ya Mama.

"Simtii mkono," alisema.

"Kwa nini? Nimekuletea mbwa, sijakuletea chui."

"Simtii mkono, Ireri."

Wale wawili walianza kucheka. Ireri akawageukia ili wapate kicheko zaidi, kisha akamrudia Baba. "Sema ukweli basi. Nyaga wa mifupa ameogopa mbwa?"

Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akikubali kwamba amechoka, wala kwamba amepotea njia, wala kwamba ana njaa. Alishika lango kwa mikono yote miwili.

"Nimeogopa," alisema. "Nilimwogopa Bosko nikiwa nimechelewa. Huyu namwogopa mapema."

Kicheko kilikatika. Ireri alitazama mkono wake wa kulia, ule uliojaribu usifike, akaugeuza mbele na nyuma. Palikuwa na alama ya jembe kwenye kifundo cha kidole, bado mbichi. Aliinama kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa lakini akakosa mahali.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza.

"Kwanza," alisema Baba, akilifungua lango, "usiilegeze hiyo kamba."